Ufunguo wa Tatu

Injini haikuwepo. Mahali ilipokaa miaka minne, ndani ya kibanda cha kukobolea mpunga huko Luberizi, zilibaki nati nne, zimepangwa vizuri. Kufuli la mlango lilikuwa zima.

Inspekta Nsengiyumva alichuchumaa. Unga wa kuchukulia alama za vidole ulikwisha kituoni tangu mwaka uliopita. Barua zake tatu za kuomba mwingine hazikujibiwa. Akatumia macho.

"Nani ana ufunguo?"

"Ni minye mwenyewe na Libérat, mfanyakazi wangu," alijibu Zabibu, mjane mwenye mashine. Nje, magunia ya wakulima yalifika hadi barabarani. "Wamenipa siku tatu, Shefu. Zikipita, wanapeleka mpunga kwingine, na hawarudi."

Libérat aliletwa.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kiringye, matangani."

"Nani alikuona?"

"Ni marehemu peke yake ambaye hakuniona, Shefu."

"Usinichezee! Weye uko na ufunguo. Tena mwizi amefunika mpunga kwa turubai, hapa paa linapovuja. Nani anajua panapovuja?"

"Kila muntu aliyewahi kulowa humu."

Inspekta alimweka mahabusu, kwa sababu hakuwa na mwingine. Jambo hilo lilimuudhi.

Alirudi kibandani peke yake. Kwenye pumba zilizotapakaa sakafuni aliona nyayo za watu watatu. Pembeni mwa nyayo za mmoja wao kulikuwa na vitundu vidogo vya mviringo. Fimbo.

Concilie, muuza chai wa jirani, hakuhitaji kubanwa.

"Mwenye fimbo? Si ni baba yake Zabibu, Mzee Kasimu wa Kilibula! Jana mchana alikuja na gari na vijana wawili, akafungua, wakapakia."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Na baba wa muntu utamuuliza nini?"

Kumbe kulikuwa na ufunguo wa tatu, na Zabibu hakuutaja.

Inspekta alikuwa Mkatoliki. Kabla ya kubisha kwa mzee, alipita kwanza msikitini, akamuuliza shehe kuhusu baba na mali ya mwanawe, akaandika jibu kwenye daftari lake.

Mzee Kasimu alikuwa ameketi mkekani, fimbo magotini.

"Injini iko wapi, mzee?"

"Mutoto na mali yake ni vya baba. Mtume amesema. Sasa mwizi iko wapi hapo?"

"Ufunguo uliupata wapi?"

"Alinipa mwenyewe, siku alipolazwa hospitali."

"Shehe wako anasema baba huchukua akiwa na haja, bila kumdhuru mtoto. Wala hachukui kwa mtoto mmoja akampa mwingine. Wewe ulikuwa na haja gani?"

Mzee aliigeuza fimbo magotini.

"Vizuri. Kesho Libérat anakwenda gerezani."

Fimbo ilianguka. "Libérat? Amefanya nini?"

"Ana ufunguo."

Mzee aliinamisha kichwa. "Yule si mwanangu," alisema taratibu. "Kwake sina haki ya kuchukua hata siku moja." Akapumua. "Nilichukua minye. Iko kwa Sefu, kaka yake Zabibu, huko Kalundu. Injini ya boti lake iliungua, watoto wake wanalala njaa."

"Si ungemwomba Zabibu?"

"Kwa ajili yangu angenipa. Kwa ajili ya Sefu angekataa. Nimwombe binti yangu, anikatalie? Nikaona heri nichukue."

Jioni, kituoni, Libérat akiwa ameshatolewa mahabusu, Inspekta alimsogezea Zabibu karatasi ya mashtaka. Zabibu hakuishika kalamu.

"Sitii sahihi juu ya baba yangu."

"Ulijua!"

"Nilipoliona turubai, nilijua. Mwizi gani anaonea huruma mpunga wangu?"

"Na Libérat nikamfunga!"

"Nilimletea chakula mara mbili," alisema, macho chini. "Kumwambia baba yangu kwamba amenidhulumu, Shefu, ningetumia mdomo gani? Nilitaka aambiwe na mwingine."

Inspekta alilifunga jalada kwa kishindo. Kesi aliimaliza, mshtaki hana.

Kesho yake alikwenda Luberizi, akijiambia ni kwa usalama wa barabara. Sefu na vijana wawili walikuwa wameiteremsha injini mbele ya kibanda. Mzee Kasimu alimwendea Libérat kwanza, akamshika mikono miwili. Kisha akautoa ufunguo wake mfukoni, akamkabidhi Zabibu mbele ya wakulima wote.

Mlango ulikuwa bado umefungwa. Mzee aliutazama, akamtazama binti yake.

"Mwanangu," alisema, "naomba unifungulie."

Zabibu akafungua.