Msitu wa Irpitola Una Wenyewe

Tangu asubuhi Rano Hichami hakutulia. Alifagia ua, akaufagia tena. Alianza kusuka ungo wa mianzi, akauacha nusu. Aliingia jikoni, akasahau alichofuata.

"Wewe, umekanyaga siafu?" aliuliza Dasru, mumewe. Yeye alikuwa anakunywa uji taratibu.

"Na wewe umekanyaga gundi? Leo wakaguzi wanakuja!"

Dasru aliweka bakuli chini. Alijua mkewe ana sababu. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alitaka kukata mianzi yote ya msitu wa Irpitola mvua zikiisha. Karibu kila nyumba kijijini iliishi kwa mianzi hiyo. Nyungo na vikapu vya Rano ndivyo vilivyoleta chumvi, mafuta na nguo za watoto. Mianzi ikienda, wao wangefunga virago wakatafute vibarua mjini.

Sheria ya India ya kuwarudishia wenyeji haki za misitu yao ilikuwepo, na kijiji kiliomba. Lakini maombi yalirudishwa. Sababu yenyewe inachekesha, na inaudhi pia. Wakaguzi wa serikali walipokuja mara ya kwanza, walimuuliza Jaini, mama yake Dasru, aliyekuwa mzee kuliko wote kijijini.

"Bibi, msitu huu ni wenu?"

"Wetu?" Jaini alishtuka. "Sisi ni nani hata tuwe na msitu? Ni wa waliotutangulia. Sisi tunaomba tu, tunachukua."

Mkaguzi akaandika kwamba wenyeji wamekana, akaenda zake. Kwetu sisi Wagondi, wenyeji wa misitu hii, kusema msitu ni wangu ni kukosa adabu. Hata Rano angejibu hivyo hivyo. Hata hivyo alimkasirikia mama mkwe wake, na hakuficha.

Bahati nzuri, kijiji kiliruhusiwa kuleta ushahidi upya, na wiki iliyotangulia alifika Sushila Usendi. Sushila ni mtu wa kijiji jirani, na kazi yake ni kufundisha watu sheria hiyo.

"Mama," alimwambia Jaini, "sheria haiulizi nani aliumba msitu. Inauliza nani ameutumia na kuutunza tangu zamani. Maua ya mti wa mahua unaokota wapi?"

"Kule kilimani. Tangu nikiwa msichana."

"Na nani anakataza watu kukata mianzi michanga?"

"Mimi! Fimbo yangu wanaijua."

"Basi hayo ndiyo useme."

"Na wasipomwamini?" aliuliza Dasru.

"Maneno ya wazee ni ushahidi. Ila ushahidi wa aina moja hautoshi, zinatakiwa angalau mbili. Makaburi ya zamani yanakubalika. Visima vya zamani na mahali pa ibada pia." Kisha akamgeukia Rano. "Na kumbukeni, kijiji ndicho kinachoanza. Mkutano unachagua kamati, kamati inapima mipaka, mkutano unapitisha. Wanawake wasipofika theluthi moja, mkutano haufai. Kwa hiyo usijifiche jikoni, dada."

Waliposikia makaburi, wote walimtazama Jaini. Juu msituni kulikuwa na mawe ya ukoo wa Hichami. Kila aliyekufa aliwekewa jiwe lake. Wageni hawakufika pale.

"Siwezi kuwapeleka tu kama ng'ombe," alisema Jaini. "Nitawauliza wenyewe kwanza."

Kila mtu alijua waliotangulia wanavyoulizwa. Mchele humwagwa mbele ya kuku. Kuku akidonoa, wamekubali. Akikataa, hakuna safari. Kwa hiyo siku moja kabla ya ukaguzi Rano hakumpa kuku hata punje moja.

Wakaguzi wawili walifika pamoja na Sushila. Kijiji kizima kiliwafuata hadi ukingoni mwa msitu. Jaini akamwaga mchele, akanong'ona. Kuku akautazama mchele, akageuka, akaanza kujisafisha manyoya.

Rano alimvuta Dasru mkono. "Huyu hajala tangu jana!" alimnong'oneza Dasru.

"Amekula," alisema Jaini bila kugeuka. "Nimemlisha mwenyewe asubuhi. Unataka kuwahonga wazee kwa njaa ya kuku?"

Watu wakacheka. Rano aliona aibu, na papo hapo alitamani kupiga kelele. Watoto wake watakula nini kwa sababu ya kuku aliyeshiba?

Mkaguzi mmoja alitazama saa. "Bibi, tuna kijiji kingine."

Jaini aliendelea kumtazama kuku. Kuku alichakura, akarudi nyuma, akasimama. Kisha akadonoa punje moja. Akadonoa nyingine.

"Haya," alisema Jaini. "Vueni viatu, twende."

Mawe yalikuwa mengi. Mengine yalikuwa yameota ukungu, mengine yamezama nusu ardhini. Jaini aligusa jiwe moja moja na kutaja jina.

"Huyu alikufa lini?" aliuliza mkaguzi.

"Kabla baba mkwe wangu hajazaliwa." Alishika kiuno, akamtazama. "Ukiniuliza msitu ni wa nani, nitakujibu kama mwanzo. Ni wa hawa. Lakini ukiuliza nani anautunza, ni sisi, wala hakuna mwingine. Andika hilo."

Mkaguzi aliandika. Kamati ya kijiji ilimwonyesha mipaka yote, na wazee wa kijiji jirani wakathibitisha. Mkutano ukapitisha, na Rano hakubaki jikoni.

Kisha kukawa na kungoja. Maombi yalikwenda ngazi ya tarafa, yakapanda wilayani. Kila pikipiki iliyopita ilimtoa Rano mbio hadi njiani. Mvua zilikuwa zinaisha hati ilipokuja. Haki ya kutunza msitu na kuuza mianzi yake ikawa ya kijiji.

Mfanyabiashara alikuja hata hivyo. Safari hii aliketi mkekani kati ya watu, huku wakibishana mbele yake. Mwishowe Rano alisimama.

"Kando ya kijito hakukatwi. Michanga haikatwi. Iliyokomaa tutakata wenyewe, kidogo kidogo, na bei tutapatana. Hutaki, njia ni ile."

Mfanyabiashara akamgeukia askari wa misitu, aliyekuja kusikiliza. "Afande, hii ruhusa anatoa nani?"

Askari aliinua kidevu kuelekea kwa Rano na wenzake.

"Mimi usiniangalie," alisema. "Waombe hao."