Kiti chenye Mabawa

Kila asubuhi, saa moja kasoro robo, Chiriku alikuwa tayari mlangoni, begi mapajani, nywele zimechanwa, akimsubiri Kijiti. Jina hilo la Chiriku halikuwa la kwenye daftari la shule. Alipewa na mama yake, kwa sababu tangu alipojua kutamka maneno hakujua tena kunyamaza. Kijiti naye aliitwa hivyo kwa wembamba wake, na hakuona ubaya wowote. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, darasa moja, dawati moja. Miguu ya Chiriku haikuwa na nguvu tangu alipozaliwa, kwa hiyo yeye alikwenda shule kwa kiti cha magurudumu na Kijiti alitembea ubavuni mwake, mkono mmoja ameuegemeza kwenye kiti. Safari nzima ilikuwa porojo tupu.

Kiti chenyewe kilikuwa kikuukuu. Kililia kwi kwi kwi hata kwenye njia tambarare, na kitambaa cha kukalia kilikuwa kimeshonwa mara nne. Watu njiani walikitazama kwa huruma. Mwenye duka, kila walipokwenda kununua kalamu, alimwuliza Kijiti, "Mwenzako anataka nini?" kana kwamba Chiriku ameusahau ulimi nyumbani.

"Mwenzangu ana mdomo," Kijiti alikuwa akijibu, "tena mkubwa." Basi wakacheka mpaka shuleni.

Sasa, mjomba wa Chiriku, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba yao. Bwana huyu alipenda kupima. Hakukata chuma kabla hajapima mara tatu, na vipimo vyake aliviandika kwa chaki sakafuni. Mteja akiingia aliambiwa aviruke, ole wake avikanyage. Likizo ilipoanza, alikipima kile kiti kikuukuu kila upande wakati mwenyewe anaoga, kisha akakifungua na kujifungia nacho karakanani wiki mbili nzima. Chiriku alikaa mkekani siku zote hizo, kwa kuwa magurudumu yake yalikuwa yanahamishiwa kwenye kiti kipya.

"Watu wamemhurumia mtoto huyu vya kutosha," mjomba alimwambia dada yake. "Sasa nataka wamwonee gere."

Kiti kilipotoka, kilikuwa ndege. Mbele kichwa cha bati kilichochongoka, nyuma mkia, taa nyekundu mbili, honi, na huku na huku mabawa yaliyopakwa rangi ya fedha, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Mjomba alimwagiwa sifa mpaka akawa haoni anapokwenda, akavikanyaga vipimo vyake mwenyewe.

"Unaionaje, rubani?" alimwuliza Chiriku.

"Nzuri sana, mjomba," Chiriku alisema, na siku ile alisema kweli.

Shule zilipofunguliwa, Kijiti alifika kama kawaida. Alisimama akaitazama ndege, akatafuta mahali pa kuweka mkono, asipaone. Alijaribu kutembea ubavuni, bawa likamgonga mbavu. Akajaribu kupita nje ya bawa, akatumbukia kwenye dimbwi. Mwishowe akabaki nyuma ya mkia. Ili wasikilizane ilibidi wapaze sauti, na siri haisemwi kwa kupaza sauti. Wakanyamaza.

Njiani watoto walizingira. "Piga honi." "Washa taa." "Nipishe nikae kidogo." Watu wazima walikuja kushika bati na kuligonga kwa kidole. Mwenye duka alitoka nje, akaizunguka ndege mara mbili, kisha akamwuliza Kijiti, "Mwenzako kaipata wapi?" Safari hii Kijiti hakujibu chochote. Wote waliisalimu ndege. Chiriku hakusalimiwa na mtu.

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mlango ulikuwa mpana, ndege ikaingia, lakini njia katikati ya madawati ilikuwa nyembamba na mabawa hayakupita. Mwalimu wa darasa alijikuna kichwa, akamweka Chiriku mbele, kando ya kabati la vitabu, uso umewaelekea wenzake. "Hapo utaonekana vizuri," alisema. Kuonekana alionekana kweli, kutwa nzima, bila mtu wa kumnong'oneza neno. Dawati lao la zamani likapata mwanafunzi mwingine. Wiki ya tatu, Kijiti alianza kutangulia shule peke yake. Chiriku alimsubiri mlangoni hadi jua lilipompiga usoni, halafu akaenda.

Na kila jioni mjomba alipangusa mikono yake, akauliza, "Haya rubani, ndege inapaaje?"

"Inapaa vizuri, mjomba."

Angeanzaje kusema vinginevyo? Vidole vya mjomba vilijaa alama za cheche. Kila mteja aliyekuja kuulizia dirisha alihadithiwa kwanza habari za ndege. Chiriku aliuma ulimi, na mtoto aliyezoea kusema kutwa akawa hana pa kupeleka maneno yake. Jioni alikuwa akiyasema moyoni, akijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Jambo moja tu lilimtia nguvu. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na madarasa yangeshindana katika chemsha bongo, kila timu watoto watatu kwenye meza moja. Muhula uliopita Chiriku na Kijiti walikuwa wamechaguliwa. Likizo yote, pale mkekani, Chiriku alisoma mpaka akajua urefu wa mito na majina ya mifupa. Aliwaza kwamba siku hiyo, kwa vyovyote vile, angekaa tena na Kijiti.

Alhamisi mwalimu alisimama mbele ya darasa na karatasi. "Timu yetu ina badiliko dogo. Ndege ya Chiriku haienei kwenye ile meza, kwa hiyo nimeweka mtu mwingine. Lakini usihuzunike, Chiriku. Wewe utaizungusha ndege uwanjani mara tatu, na wazazi watafurahi sana."

Darasa likapiga makofi. Chiriku alimtazama Kijiti, na Kijiti akainamia daftari lake. Hakuna aliyemwuliza Chiriku kama anataka kuzunguka uwanja. Alirudi nyumbani peke yake, machozi yakimtiririka, huku watoto wawili wakikimbia nyuma yake na kumwomba apige honi. Alikuwa mpweke kuliko siku zote za maisha yake, na wakati uleule alikuwa akitazamwa kuliko siku zote.

Alipofika, alimkuta mgeni karakanani, bwana mmoja mwenye miwani anayesimamia maonyesho ya mafundi. Mjomba alikuwa amevaa shati safi. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anashona barazani.

"Ndiyo yenyewe hii," mgeni alisema, akainama kulitazama bawa. "Kazi safi. Hii lazima ije kwenye maonyesho." Kisha akamwuliza mjomba, "Na huyu binti anaongea?"

Mjomba alicheka akashika tumbo. "Huyu? Huyu jina lake Chiriku. Haya rubani, mwambie mgeni ndege inapaaje."

Chiriku alifungua mdomo kusema yale ya kila jioni. Maneno yakakataa.

"Haipai, mjomba," alisema.

Cherehani ya mama ikanyamaza.

"Haipai kivipi? Breki? Gurudumu?"

"Mabawa. Kijiti hawezi kutembea na mimi. Darasani nakaa kando ya kabati kama ndoo na ufagio. Leo nimetolewa kwenye timu kwa sababu meza haitoshi, naambiwa nizunguke uwanjani nitazamwe. Wote wanaiongelea ndege. Mimi hakuna anayeniongelesha."

Mgeni aliivua miwani yake akaanza kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Mjomba alisimama tu, tabasamu limemkauka usoni.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Niliogopa utaumia. Halafu kila jioni uliuliza ndege inapaaje. Hukuuliza mimi nikoje."

Mama ndiye aliyeuliza, kwa upole, "Kaka, ulipotengeneza hiki kiti, ulimpima nani?"

"Nilipima kile cha zamani. Na mlango wa nyumba."

"Mimi nikipima gauni kuukuu la mteja na kumwacha mteja mwenyewe amesimama, nitatukanwa mpaka sokoni."

Mjomba akaketi juu ya sanduku lake la vifaa. Mtu aliyepima kila chuma mara tatu hakuwahi kumpima mpwa wake hata mara moja, na sasa alilijua hilo. Hatimaye alimgeukia mgeni. "Ndugu yangu, nisamehe. Kazi haijakwisha, tena nimeianza vibaya. Maonyesho ya mwaka huu mimi sitakuwepo."

Mgeni alipokwisha kuaga, mjomba alichukua futi yake ya kupimia na chaki, akapiga magoti mbele ya Chiriku. "Haya, niambie. Nianzie wapi?"

Maneno yaliyokuwa yamefungiwa wiki tatu yakamwagika. Chiriku alitaka kiti chembamba. Alitaka mahali pa kuweka miguu pasipogonga dawati, na chuma laini ubavuni ambapo rafiki anaweza kuegemeza mkono. Honi ibaki, kwa ajili ya mbuzi barabarani. Mjomba alipima mkono wake, goti lake na mgongo wake, akaandika mpaka chaki ikaisha. Mama aliuliza kama mabawa atapewa yeye aanikie nguo.

Ijumaa asubuhi mjomba alikwenda naye shuleni, futi mfukoni. Mabawa alikuwa ameyakata alfajiri, na pale yalipokatwa, chuma kilikuwa bado hakina rangi. Alipima njia katikati ya madawati, akapima meza ya chemsha bongo juu na chini. Mwalimu alimkuta ameingia uvunguni.

"Inatosha," mjomba alisema akitoka na vumbi magotini. "Ingetosha tangu mwanzo, mwalimu, kama tungemwuliza mwenyewe. Kosa ni langu kwanza."

Mwalimu aliinamisha uso. "Na langu pia. Niliipima meza kwa macho, na mtoto sikumwuliza kabisa." Alimgeukia Chiriku. "Unataka kurudi kwenye timu?"

"Nataka, mwalimu."

Yule aliyewekwa badala yake alishusha pumzi kwa furaha, maana hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja.

Mwalimu alimwomba mjomba aseme machache kwa darasa. Hakuwa mtu wa hotuba. Alizungusha futi mikononi, akasema, "Wanangu, nilitaka watu waache kumhurumia Chiriku, nikawapa kitu cha kushangaa. Kumbe anayehurumia na anayeshangaa wote wanakitazama kiti. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu ana jina, ana mdomo. Msalimieni. Mwulizeni yeye anachotaka, msimwulize anayemsukuma. Na wewe, mpwa wangu, uliniambia mambo ni mazuri kumbe ni mabaya, ili nisiumie. Nashukuru kwa huruma yako, lakini ulininyima nafasi ya kurekebisha. Siku nyingine niambie kweli mapema, nami nitajitahidi kuuliza mapema."

Wakati wa mapumziko Kijiti alikuja akasimama mbele ya kiti, akichezea kifungo cha sare yake.

"Nilidhani hunitaki tena," alisema. "Una ndege, una watu wote wale."

"Watu wapi? Nimeongea na kabati wiki tatu."

"Nilipaswa kukuuliza."

"Na mimi nilipaswa kusema," Chiriku akajibu. Akaanza kumsimulia yote tangu mwanzo, na kengele ikawakuta hajafika nusu.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Chiriku alikisogeza kiti chake, kilichotengenezwa upya kwa vipimo vyake mwenyewe, magurudumu yakapita, magoti yakaingia chini ya meza bila kugonga. Mwenye duka, ambaye mtoto wake alisoma shuleni hapo, alimpungia mkono kutoka mstari wa pili. "Hujambo, Chiriku," alisema, kwa aibu kidogo. Meza ilikuwa fupi, nao walikuwa watatu. Kiwiko cha Kijiti kilikuwa juu ya karatasi ya Chiriku, na bega la Chiriku lilikuwa limemlalia Kijiti.

"Sogea kidogo, unanibana," Kijiti alinong'ona.

Chiriku alisikia vizuri sana, lakini hakusogea.