Sijali na Sakafu ya Saruji

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kakao walipoanza kuingia kijiji cha Talatala, Zebedayo alijenga nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji. Aliisifu sakafu hiyo kuliko alivyowahi kumsifu mkewe, Tukuswiga. Mbwa wao, Sijali, naye alihamishwa. Kwa miaka tisa alikuwa akilala jikoni kando ya mafiga. Sasa alipewa baraza jipya la saruji, kama mlinzi wa mjini.

Masika yalipoanza, Sijali alianza kuchelewa kuamka. Asubuhi alijivuta, miguu ya nyuma imekakamaa. Tukuswiga alidhani ni uvivu wa uzee.

Miezi miwili ikapita. Siku moja binti yao Milka, mwenye miaka sita, alimshika Sijali nyonga. Mbwa alinguruma, akageuka kumng'ata. Meno yalishika gauni tu. Tukuswiga alimnyakua mtoto, akaukagua mkono wake mara tatu. Hakuona hata mchubuko, lakini hofu haikumtoka. Mwaka uliotangulia mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuua mtu kijiji cha jirani.

"Jumamosi mgambo anakuja na bunduki," alisema Zebedayo. "Sitamzika mtoto kwa ajili ya mbwa."

Zilibaki siku tatu. Tukuswiga aliogopa kwamba Sijali ana kichaa. Aliogopa pia kwamba atauawa bure. Alipokuwa na mimba ya Milka, ni mbwa huyu aliyewafukuza nguruwe pori waliomzingira shambani.

Jioni ile alichukua kwa siri vidonge vya mgongo ambavyo mumewe alinunua mpakani Kasumulu. Kama vinamnyoosha mume, aliwaza, vitamnyoosha na mbwa. Akavificha viwili ndani ya ugali na usipa, dagaa wa ziwani.

Kulipokucha, Sijali alitapika damu. Tukuswiga alijifunga kanga, akaenda mbio kwa Ambilikile, bwana mifugo wa kata.

Ambilikile alifika naye nyumbani, akamtazama mbwa kwa mbali kwanza. Aliuliza ugonjwa ulianza lini, akaomba kadi ya chanjo. Kisha alimfunga mdomo kwa kamba laini, akampapasa miguu polepole.

"Hiki si kichaa," alisema. "Mbwa mwenye kichaa hufa ndani ya siku chache. Huyu anaumwa miezi miwili, na chanjo yake haijaisha. Viungo vya nyonga vimezeeka. Mtoto alimgusa penye maumivu. Lakini hii damu, mama, umempa nini?"

Zebedayo alikuwa amesimama pale pale. Tukuswiga alimtazama mumewe, kisha bwana mifugo.

"Nimempa vidonge vya baba Milka," alisema. "Niliogopa asije akauawa."

Zebedayo alitazama chini.

"Dawa ya mtu ya maumivu humchoma mbwa tumbo, huharibu na figo," alisema Ambilikile. "Usirudie. Nitamtibu tumbo. Likipona, nitampa dawa ya mbwa kwa kipimo chake."

Aliwaeleza mengine taratibu. Saruji yenye baridi humwongezea maumivu, kwa hiyo alale pakavu penye joto. Ugali upunguzwe, maana unene unailemea miguu. Atembezwe kidogo asubuhi na jioni, asilazimishwe kukimbia. Na mtu akijeruhiwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali bila kusubiri.

"Ndaga fijo," Tukuswiga alishukuru kwa Kinyakyusa, machozi yakimtoka.

Jumamosi mgambo alifika, akapewa chai, akarudi na risasi zake. Sijali alikuwa jikoni, amelala juu ya majani makavu ya mpunga. Baada ya wiki moja Zebedayo naye alihamishia kigoda chake huko. Hakusema kama ni kwa ajili ya mbwa au ya mgongo wake.

Mwezi ulipokwisha, Sijali aliamka mwenyewe, akatembea hadi kwenye mikakao. Alikuwa akichechemea, lakini alifika. Milka, aliyekuwa ameketi hapo, alimwita jina kwanza, kama alivyofundishwa, akanyoosha mkono anuswe. Tukuswiga alisimama mlangoni, akiwatazama.

Sijali aliunusa mkono. Akaulamba, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mtoto. Hapo ndipo Tukuswiga alipopumua.