Msuli wa Matar

Enzi za Mwingereza, huko Keko, Matar alikuwa na duka dogo. Tangu aoe hakuwahi kufua hata leso. Nguo zake zote alifua mkewe, Nunu. Basi asubuhi moja Nunu alimkuta uani anasugua msuli mwenyewe.

"Leo kulikoni, baba Wahiba?"

"Nimemwagikiwa na chai tu."

Kesho yake chai ikamwagika tena. Na keshokutwa. Nunu hakuwa mjinga, na wivu ulimpanda. Mumewe alipokwenda dukani, aliutafuta msuli, akaukuta nyuma ya pipa la maji. Ulikuwa na damu.

"Mwanamke gani huyo aliyekupa maradhi?" alimuuliza mchana.

Matar aliketi kitandani. "Wallahi sina mwanamke. Mkojo unatoka mwembamba, na damu. Huku chini pana uvimbe mgumu. Nilidhani jipu. Nimekunywa mpaka dawa ya kisonono kwa siri, wapi! Hata msikitini siendi, naogopa kuchafua mkeka."

Hasira zilimwishia Nunu, ikabaki hofu. Akamwita jirani yao Leodegar, kijana wa Bukoba aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini.

"Shikamoo, mzee," alisema Leodegar. Alisikiliza yote bila kucheka. "Si kila damu ya mkojo ni ugonjwa wa zinaa. Yaweza kuwa kichocho, yaweza kuwa mawe. Mara chache sana, saratani huota ndani ya mrija wa mkojo, nayo hujifanya jipu. Kwa macho hatujui. Kesho twende kwa daktari."

"Naona haya, mwanangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Nunu. "Utakwenda."

Daktari alikata kinyama kidogo, kikapimwa. Ilikuwa saratani, lakini haijasambaa. Matar alipasuliwa. Sehemu ya mrija iliondolewa, akatengenezewa tundu jipya la mkojo nyuma ya korodani. Alirudi nyumbani amekonda, lakini yu hai.

"Sasa nitachutama maisha," alinung'unika.

Nunu alicheka, machozi yakimtoka. "Kwani chuoni, kwenye Kurani, ulifundishwa kukojoa umesimama?"

Ijumaa moja Matar alikwenda tena msikitini. Aliporudi, aliuchukua msuli wake, akaelekea kwenye beseni. Nunu alimnyang'anya.

"Lete hapa. Damu ikirudi, nataka niione mimi kwanza."