Gunia Lililotona Maji

Simu ya Odeta Mayala ilitetema kabla hajamaliza chai.

"Kuku ametoka bandani," alisema Mkuu Ndalahwa, bosi wake katika Idara ya usalama.

"Na mayai?"

"Na mayai yote. Ameelekea Mwaloni."

Ikakatika.

Odeta aliiacha chai na chapati yake. Muda si muda pikipiki yake aina ya Boxer ilikuwa inakata vichochoro vya Mabatini kuelekea Kirumba, bastola ya Glock ikimkwaruza ubavu, jicho moja barabarani, jingine kwenye skrini ndogo aliyoifunga juu ya tangi. Kitone chekundu kiliwaka kwenye soko la samaki la Mwaloni.

Kwa lugha yao ya mafumbo, kuku alikuwa kasha la dawa lililoibwa, na mayai chupa zake. Lilitakiwa kuvuka ziwa siku hiyo hadi kituo cha utafiti Nansio, kwa wagonjwa ambao miili yao hujichoma yenyewe. Daktari wa kituo alimweleza Odeta kwa uvumilivu: ndani ya seli mna king'ora, kinaitwa inflamasomu. Kijidudu kikiingia, king'ora hulia na mwili huwasha moto kukifukuza. Kwa watu hawa king'ora hulia bila mwizi. Wakipigwa na upepo wa baridi au wakishika barafu, baada ya saa chache macho yanakuwa mekundu, homa inapanda, viungo vinavimba. Moto huo ukiwaka miaka mingi, unakula masikio na figo.

Dawa mpya ilikizima king'ora chenyewe. Lakini bila baridi, inaharibika.

Rebeka, dada yake Odeta, alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa. Bila kasha hilo, la kulia lingefuata.

Kulikuwa na wageni waliolitaka kasha. Mpango wao Idara iliunusa mapema: waibe dawa, wapeleke Nansio chupa za maji, majaribio yaonekane yameshindwa, kisha wainunue siri ya dawa kwa bei ya kutupa.

Kitone kilikuwa chini ya lori lililokuwa likipakia mizigo ya Musoma. Odeta alijitupa chini, akapapasa chesisi.

Kitoa-mawimbi. Kimebandikwa kwa utepe wa gundi.

Kasha halikuwepo.

 Kifaa kile alikishona mwenyewe ndani ya bitana ya kasha. Waliojua ni Ndalahwa, yeye, na Okwach. Akamshuku Ndalahwa, maana Okwach hashukiwi. Okwach ndiye aliyemfundisha kazi. Okwach alikula ugali kwa Rebeka kila alipofika Nansio, na alikaa naye kwenye benchi moja kliniki, kwa sababu na yeye aliugua ugonjwa huohuo.

Prado nyeupe ikasimama. Okwach akashuka, amevaa jaketi, na jua lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mdogo wangu."

Odeta alinyoosha mkono. Mkono wake ukabaki hewani.

Okwach, Mjaluo wa Rorya, mtu ambaye akikushika mkono haachii mpaka habari za ng'ombe ziishe, alibaki na mikono mifukoni. Macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi la Mabatini, ameshinda huko tangu asubuhi akifuatilia gari. Kasha limehamishiwa kwenye gari jingine, linakimbizwa mpakani Sirari. Odeta amfuate, wawahi.

Odeta alikuwa ameshageuka kuifuata Prado alipoliona gunia.

Wapagazi walikuwa wakilipeleka kwenye boti iliyogoma kuwaka, boti ya mnunuzi wa mabondo, vile vibofu vya sangara, mgeni mwenye kofia ya pama. Gunia la dagaa. Lilikuwa likitona maji njia nzima.

Dagaa wa Mwaloni huanikwa mpaka wanavunjika vidoleni. Gunia la dagaa wakavu halitoni.

Odeta akakimbia.

Kisu kikapasua gunia. Dagaa wakamwagika, na katikati yao barafu, na katikati ya barafu, kasha. Mgeni akaingiza mkono kwenye koti. Odeta akamrushia konzi ya dagaa machoni, teke likafuata, kofia ikaelea ziwani na mwenyewe nyuma yake.

"Lipakie kwenye boti, Odeta."

Sauti aliijua. Hakutaka kugeuka.

Okwach alikuwa ameshika bastola. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, vyekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Odeta akaelewa yote kwa mara moja. Okwach hakumwamini mpagazi yeyote, kwa hiyo barafu aliipanga mwenyewe, kwa mikono yake, na mwili wake ukapiga king'ora.

"Rebeka amekupikia, mzee."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Majaribio yanaisha mwakani. Hawa wameniahidi dawa mpaka nife. Serikali itaninunulia?"

"Ungeniambia. Tungehangaika wote."

"Ondoka, mdogo wangu. Nitafyatua."

Odeta akamsogelea. Aliumia hata hofu ikakosa nafasi. Okwach alibana meno, akalazimisha kidole. Kidole kilijaa kwenye tundu la kifyatulio, kikagoma kukunjika.

"Nipe huo mkono," Odeta alisema. "Umeninyima leo."

Akaichukua bastola taratibu, asimtonese.

"Nisamehe," Okwach alisema.

Odeta akaichomeka bastola kiunoni. Alitaka kumpiga, alitaka na kulia, na askari waliotumwa na Mkuu walikuwa wanafika. Mmoja akamvua mgeni majini. Odeta akafungua kasha. Chupa zilikuwa baridi bado, kila moja na jina la mgonjwa. Akaitafuta ya Okwach, akamkabidhi askari pamoja na barafu kidogo ya kuihifadhia.

"Mpelekeni kwa daktari, achomwe hii. Pingu baadaye. Sasa hivi hazitaingia."

Kisha akabonyeza redio.

"Kuku amerudi, Mkuu. Mayai mazima."

"Na mwizi?"

"Wa nyumbani."

Redio ikakatika. Kikulacho ki nguoni mwako, na Ndalahwa hakuwa mtu wa kurudia methali.

Odeta alipanda boti ya Idara, kasha mapajani, miwani ya jua usoni. Injini ya Yamaha ikanguruma. Hakugeuka nyuma.

Rebeka angekuwa amepika kwa ajili ya watu wawili. Angeuliza Okwach yuko wapi. Odeta angekaa upande wake wa kulia, kwenye sikio linalosikia, amwambie.