Siku Themanini za Khavere

Ilikuwa mwaka wa 1981, mtaani Maringo. Asubuhi tulipanga ndoo mferejini, na mimi Teresiah, Mama Gachanja, niliongea kuliko wote. Siwezi kukana. Lakini jirani yangu Khavere hakuwepo. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu ajifungue mtoto wa kike, Annah, na hakuwa amekanyaga nje.

Kanisa lao la kanzu nyeupe lina sheria kali. Mama akizaa mvulana hukaa ndani siku arobaini. Akizaa msichana, siku themanini. Mama mkwe wake, Mama Shitanda, alisafiri kutoka Kakamega kuja kuilinda sheria hiyo. Aliweka kigoda mlangoni akakikalia.

Jumanne moja nilipeleka uji, nikamkuta Khavere analia.

"Mama Gachanja, Annah ana homa. Tangu jana amekataa kunyonya."

Nilimgusa mtoto. Ai! Mwili ulikuwa moto sana, na hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

"Mbona hamjaenda kliniki?"

"Mama yake hajatakasika," Mama Shitanda alijibu. "Hizi ni siku ishirini na moja tu. Akitoka, yeye au mtoto, ataleta laana."

"Na mtoto akifa?"

"Sheria ni ya Mungu, si yangu."

Nilikasirika. Shitanda, mume wa Khavere, alikuwa kwenye zamu kiwandani. Nikakimbia kumwita Mwalimu Naftaly, mzee wa nyumba ya pili. Yeye alisoma Kiebrania katika chuo cha wachungaji.

"Mama, sikuja kuvunja sheria yako," Mwalimu alisema akiwa nje ya mlango. "Nieleze tu. Asiyetakasika ni mtu wa namna gani?"

"Mchafu. Mwenye dhambi."

"La, Mama. Neno la Kiebrania la aliyetakasika ni tahor, yaani safi. Dhahabu ya kinara cha taa iliitwa tahor, kwa sababu haikuchanganywa na kitu. Daudi aliomba moyo tahor. Na mtu aliye tayari kuingia mahali pa ibada aliitwa tahor pia. Sasa, aliyemgusa maiti hakuwa tahor kwa siku saba. Wewe ulimzika mama yako?"

"Nilimwosha kwa mikono yangu."

"Ilikuwa dhambi?"

"Hasha! Nani mwingine angemwosha?"

"Basi hata kuzaa si dhambi. Mama mzazi alingoja siku zake, kisha akaenda kuabudu."

Mama Shitanda alitikisa kichwa. "Maneno matamu. Lakini wewe si wa kanisa letu."

Hapo Khavere akafuta machozi. Mimi na yeye tulikuwa tumesoma kisomo cha watu wazima kwa mwaka mzima, katika ukumbi wa mtaa. Alinikabidhi mtoto, akachukua Biblia, akafungua Mambo ya Walawi. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mama huyo asiguse kitu kitakatifu. Asiingie patakatifu. Mpaka siku zake zitimie.

"Endelea," alisema mama mkwe.

"Makatazo yameisha, Mama. Hakuna neno la kukaa ndani. Hakuna neno la kukataa dawa."

"Soma tena."

Akasoma tena, safari hii kwa sauti kubwa. Mama Shitanda akainuka, akasukuma kigoda kando kwa mguu.

"Mbona mmesimama? Twendeni!"

Tulikwenda mbio. Muuguzi alimpima Annah, akatupeleka hospitali wakati uleule.

"Mtoto mchanga akiwa na homa na kukataa kunyonya, hakuna kungoja," alituambia. "Mngelala naye nyumbani leo, mngempoteza."

Annah alichomwa sindano siku kadhaa. Siku ya nne alishika titi akanyonya hadi akatoa jasho puani. Khavere alipiga kigelegele wodini. Muuguzi akamkaripia, naye akapiga kingine.

Siku themanini zilipotimia, Khavere aliingia kanisani na mtoto wake mnono. Niliwasindikiza. Mama Shitanda akasimama mbele ya kasisi na waumini wote.

"Siku za ibada tutazishika," alisema. "Lakini mtoto apelekwe chanjo kwa tarehe yake, na akiugua apelekwe siku hiyohiyo. Mimi nilikaa mlangoni nikidhani namlinda Mungu. Kumbe nilikuwa namzuia mjukuu wangu asipone!"

Kasisi akamtazama Annah, akasema, "Na iwe hivyo." Ngoma zikaanza. Wiki hiyo akina mama watatu wa kanisa hilo, waliokuwa bado ndani, walifungua milango yao, wakapeleka watoto kliniki mchana kweupe.