Sauti Ndani ya Shimo la Pampu

Haya yalimfika Gerald Novotny, jirani yetu hapa Toledo, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, theluji imekwisha kuyeyuka, jua linawaka. Chumba cha chini ya nyumba yake kilikuwa kimejaa madimbwi tena. Ukungu ulipanda ukutani, na mkewe Doreen alikuwa akikohoa wiki ya tatu. Gerald akaapa kufunga pampu ya kuyatoa maji hayo kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwite fundi, baba," Doreen alimsihi. "Mgongo wenyewe huo, ukiinama kufunga kiatu unaomba msaada."

"Fundi ni mimi."

Asubuhi nzima alipasua sakafu ya zege kwa nyundo na tindo, akachimba shimo, akatumbukiza ndoo yenye matundu na kuizungushia kokoto. Ndani akaweka pampu na boya lake. Maji yakipungua, boya hushuka na pampu huzimika. Bomba akalipitisha dirishani hadi uani, Doreen akatoka kulitazama. Gerald akachomeka plagi. Pampu ikanguruma.

"Yanatoka!" Doreen alipiga kelele huko nje. "Meusi kama kahawa!"

Gerald akacheka, akachuchumaa. Maji yalishuka hadi chini kabisa. Boya halikushuka. Lilibaki palepale juu, kama limeshikiliwa.

"Usizime," sauti ya mkewe ilinong'ona karibu naye.

"Sizimi, mama. Itazima yenyewe."

"Usizime. Nakaribia kutoka."

"Gerald!" Doreen aliita, mbali, kutoka uani. "Unaongea na nani?"

Aligeuka. Ngazi tupu. Akainama juu ya ndoo. Sauti ilikuwa humo. Ya Doreen, hadi kile kikohozi chake.

Akang'oa plagi.

Pampu haikunyamaza.

Alimwaga kokoto zote zilizobaki juu yake, akakoroga zege, akaziba shimo. Chini, mlio uliendelea. Ukafifia. Ukakoma. Akasawazisha kwa mwiko hadi pakawa laini kama meza, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Pampu imeungua," alimwambia mkewe.

Jumatatu walishuka pamoja. Zege lilikuwa limekauka. Katikati palikuwa na alama ya kiganja. Haikudidimia. Ilikuwa imeumuka kuelekea juu, kana kwamba mtu alisukuma kutoka chini kabla zege halijashika.

Doreen, asiyejua lolote, akaweka mkono wake juu yake. Vidole vikalingana, kimoja kimoja.

Hata pete ya ndoa ilikuwapo.